Kabla hamjapeleka hiyo barua isainiwe

Wiki iliyopita nimewaona watafiti wasaidizi wetu wawili wakikimbilia kwa viongozi wa jamii kuomba barua ya kuunga mkono mradi, na mwisho wa kuwasilisha andiko la mradi ni kesho yake. Bajeti imeshagawanywa, dodoso limeshachapwa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hapa lazima niseme.

1. Nendeni kwa wanajamii kabla swali la utafiti halijaandikwa. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu wa sera wa Marekani, alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi katika maamuzi, yenye vidato 8. Kuwaomba watu maoni ni kidato cha 4 tu, uamuzi bado mnao ninyi.

2. Muda wa wanajamii ulipwe kwenye bajeti. Ukurasa wa shukrani hautoshi.

3. Rudisheni matokeo. Hapa kosa ni langu. Kwenye mradi wangu wa kwanza tulipima maji ya visima na kuhoji kaya. Makala ikachapishwa, nikapanda cheo. Miaka mitatu baadaye nikarudi palepale na wanafunzi wapya. Mama mmoja akatukaribisha, akaingia ndani, akatoka na nakala yake ya fomu ya ridhaa, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Akaweka kidole kwenye mstari: matokeo yataletwa ndani ya miezi sita. Chini yake, sahihi yangu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, maji yetu yalionekanaje?" Jibu nilikuwa nalo siku zote hizo. Visima viwili vilikuwa na vimelea vya kinyesi, nami niliviingiza kwenye jedwali kwa namba za siri. Kimojawapo ndicho alichokuwa akichota. Nilimwambia palepale, sauti ikinitetemeka. Dodoso jipya halikutoka kwenye begi siku ile.

4. Ridhaa ina mipaka. Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, walitoa damu kuanzia 1990 wakijua ni kwa utafiti wa kisukari, kumbe ikatumika pia kuchunguza skizofrenia, ugonjwa wa akili, na asili ya kabila lao. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilikubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli.

5. Awepo mtu mmoja wa kudumu ambaye simu yake inapokelewa hata ninyi mkishahitimu.

Ile barua imerudi bila sahihi, na viongozi wana haki. Jumatatu tunakwenda wote, bila dodoso, kuwauliza wao wanataka kujua nini.