Muulize Fundi: Choo gani kwa kibanda cha mlimani kisicho na maji wala umeme?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na mume wangu tunajenga kibanda cha vyumba viwili mlimani, mbali na barabara. Maji ya bomba hayafiki, umeme ndio kabisa. Maji ya kunywa tutachota kwenye chemchemi iliyo chini ya kiwanja, kama hatua 60 hivi. Waliochimba msingi walikutana na mwamba baada ya mita 1 tu. Tutakuwa tunakwenda mwisho wa wiki, na watoto wakati wa likizo. Jirani anasema tuchimbe shimo kama yeye. Mdogo wangu anataka choo cha kuvuta maji chenye tangi. Mume wangu ameona choo cha kubebeka, kile cha dawa. Mimi nataka choo ambacho mgeni ataingia bila kuziba pua, na chemchemi ibaki salama. Tufanye nini? Na takataka nyingine je?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeeleza mengi, lakini yanayoamua ni mawili: mwamba na chemchemi. Wengi huchagua choo kwanza, halafu ndipo wanahangaika pa kukiweka. Anza na maji ya kunywa. Ukishajua yanatoka wapi na yanapita wapi, aina ya choo haina ubishi tena.

Shimo la jirani halikufai. Choo cha shimo kimeokoa maisha ya watu wengi na mimi nimejenga vingi, ila kinahitaji udongo. Kanuni ni kwamba kikae angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, tena upande wa chini wa mteremko, na kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Hatua zako 60 huenda zikatimiza hizo mita 30. Lakini chemchemi iko chini yenu, na kanuni hiyo inautegemea udongo, kwa sababu udongo ndio unaochuja na kuwachelewesha vimelea mpaka wafe. Mwamba wenye nyufa hauchuji chochote. Uchafu ukiingia kwenye ufa hukimbia kama maji kwenye bomba, na unaweza kutokea chemchemini na vimelea vyake vyote, hata kama ni mbali zaidi ya hapo. Na mkichimba mita 1 mkaishia hapo, shimo litajaa mapema.

Choo cha kuvuta maji nacho kinakwamishwa na mwamba huohuo. Watu hudhani tangi ndilo linalosafisha, kumbe linachofanya hasa ni kutuliza tope; maji yanayotoka humo bado yana vimelea, na kazi ya kuyamaliza ni ya udongo ulio kwenye mitaro ya kunyonyea. Kwenu maji hayo yatachuruzika juu ya mwamba kuelekea chemchemini. Isitoshe, kila ukivuta ni lita 6 au zaidi, na nani atakuwa anazipandisha kilimani? Siku tangi likijaa, gari la kunyonya litapita wapi?

Cha dawa kinafaa kwa dharura au kwa mgonjwa wa chumbani. Kina chombo kidogo kinachojaa upesi, na uchafu wake lazima ukamwagwe kwenye mfumo wa maji taka huko mjini. Usikubali umwagwe porini. Viko pia vyoo vya kuchoma kinyesi kikawa jivu, lakini hivyo vinakula gesi au umeme mwingi, tuviache.

Ninachokushauri, na ndicho ningejijengea mwenyewe mahali kama hapo, ni choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi. Mtu mzima hutoa kama lita 500 za mkojo kwa mwaka, lakini kinyesi ni kama lita 50 tu. Harufu ile kali na tope vinatokana na kuvichanganya. Ukivitenga, kinyesi kinabaki kidogo, kinakauka, na unaweza kukihifadhi bila kuchimba chochote.

Jengeni juu ya ardhi. Wekeni sakafu ya zege isiyovuja, juu yake vyumba viwili vya matofali vilivyopigwa plasta ndani, kila kimoja cha lita 500 hivi. Kwa matumizi yenu hiyo ni nafasi kubwa. Milango ya kutolea iwe nyuma, upande unaopigwa na jua. Kila chumba kiwe na bomba la hewa linalopita paa kwa nusu mita, na mdomoni pawe na wavu wa nzi usiopata kutu. Wavu wa plastiki huchakazwa na jua ukapasuka. Ukitaka kujua kama bomba linavuta, shika karatasi inayofuka moshi juu ya tundu la choo. Moshi ukishuka ndani, kazi imekwenda sawa. Ukikurudia usoni, bomba limeziba au ni fupi.

Kiti chake kina bakuli mbele kwa ajili ya mkojo na tundu nyuma. Kila mtu huketi au huchutama, wanaume pia, na hili waambie wageni mapema bila haya. Mtoto mdogo asimamiwe mpaka azoee. Baada ya haja kubwa mwaga kopo la jivu kavu lililochekechwa, mpaka kinyesi kisionekane. Jivu hukausha, na ukali wake huwadhoofisha vimelea. Hakikisheni limepoa kabisa, kaa moja lenye moto linaweza kuunguza choo kizima. Jivu likiisha, vumbi kavu la mbao linafaa. Msiliweke kwenye bakuli la mkojo, litaziba.

Wanaojisafisha kwa maji wanahitaji mahali pa tatu, na mafundi wengi hupasahau. Tengenezeni sehemu ya kutawadhia pembeni ya tundu, yenye mfereji wake unaokwenda kwenye kishimo cha mawe na udongo upande wa pili wa kilima, mbali na chemchemi. Maji yakiingia kwenye chumba cha kinyesi, huo si choo kikavu tena, na harufu mtaisikia kabla ya jioni.

Bomba la mkojo liwe na mteremko mkali na lisiwe na kona, maana chumvi za mkojo huganda kwenye kona. Liishie kwenye dumu la lita 20, mdomo wa bomba ukikaribia kitako cha dumu ili harufu isipande. Mkojo huo ni mbolea nzuri. Changanyeni na maji mara 3 au zaidi, mmwage kwenye udongo wa mashina ya miti, si kwenye majani, na si upande wa chemchemi.

Chumba cha kwanza kikijaa, kifungeni mhamie cha pili. Hesabu ya kusubiri inaanza siku mliyoacha kutia kitu. Kwenye joto, ngojeni zaidi ya mwaka 1. Penye baridi ngojeni miaka 2, kwa sababu mayai ya minyoo ni sugu na baridi huyahifadhi. Mkifungua mtakuta kitu kikavu, chepesi, kinachomomonyoka mkononi na kunukia udongo. Hata hivyo vaeni glovu, kifukieni chini ya miti, na msikipeleke kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Nje ya mlango tundikeni kibuyu chirizi, yaani kidumu cha kunawia mikono kinachoinamishwa kwa kamba, na sabuni.

Kuhusu takataka: mabaki ya chakula yaende kwenye pipa la mboji lenye kifuniko kizito, wanyama wasiyafukue. Maji ya vyombo yachujwe mafuta na masalia, kisha yaingie kwenye mtaro uliojazwa majani makavu na vipande vya miti, yasituame yakazaa mbu. Plastiki msichome, moshi wake una sumu, na betri msizifukie. Pedi na nepi zisiingie chooni kamwe, hazioi. Vyote hivyo vitieni kwenye ndoo yenye kifuniko na mshuke navyo kila mnapoondoka. Mlivipandisha vikiwa vimejaa, vikiwa vitupu havitawashinda.

SWALI: Fundi, choo chetu cha shimo kiko kwenye udongo mzuri mzito, maji yako mbali chini. Tuko 6. Kimeanza kunuka na nzi wamezidi. Rafiki amenishauri nimwage mafuta ya taa na dawa ya kusafishia. Ni sawa?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Dawa hizo huwaua vijidudu vinavyoozesha, kwa hiyo shimo litajaa haraka, na mafuta yanaweza kuwaka moto. Weka bomba la hewa la inchi 6, lipite paa kwa nusu mita, na juu yake wavu. Aina hii ya choo ilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, na siri yake ni mwanga. Nzi walioko shimoni hufuata mwanga. Wakiona bomba linang'aa juu wanapanda huko, wavu unawazuia, wanafia humo. Kwa hiyo chumba chenyewe kiwe na kiza, na tundu la choo usilizibe kabisa, hewa lazima ipite hapo ishuke shimoni ndipo ipande bombani. Shimo kavu hujaa kwa kiasi cha lita 40 hadi 60 kwa mtu kwa mwaka, maana yake ninyi mnafikia lita 360. Pima kwa kamba yenye jiwe. Ikibaki nusu mita kufika juu, acheni kulitumia, jazeni udongo, mhamie shimo jipya.