Breki ngumu kwenye FJ40 iliyofungwa 3L: chungulia altaneta kabla ya kununua busta

Mkuu pole. Umesema tangu uifunge hiyo 40, yaani Land Cruiser FJ40 ya zamani, injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, pedali imekuwa ngumu kama ubao na fundi anakwambia busta (lile kopo linalotumia vakyumu, yaani mvuto wa hewa, kukusaidia kukanyaga breki) imekufa, utafute kubwa zaidi. Shika hela yako kwanza. Mimi nilinunua 40 ya mtu ikiwa na 3L tayari, kero hiyohiyo, na busta ilikuwa nzima kabisa.

Iko hivi, injini yake ya zamani ya petroli ina kipepeo kwenye karbureta, ukiachia mafuta kinabana hewa na manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini) inapata vakyumu ya kuvuta busta. Dizeli haibani hewa namna hiyo, ndo maana Toyota waliweka pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta, zinazunguka shafti moja. Sasa mafundi wakikosa altaneta yenye pampu wanafunga ya petroli, chaji inaingia fresh kila mtu anafurahi, halafu mpira wa busta wanauchomeka kwenye manifoldi ambako hamna kitu. Angalia nyuma ya altaneta yako, kama hakuna mpira mwembamba wa kuleta oili na mnene wa kuirudisha kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), jibu umelipata.

Pampu kama ipo, pima. Zima injini, kanyaga breki mara tano sita mpaka ikaze, usitoe mguu, piga stata. Pedali lazima izame kidogo. Isipozama chomoa mpira kwenye busta uweke geji ya vakyumu, pampu nzima inasoma inchi 20 (za zebaki) kwenda juu, ila ukiwa Mbeya usishangae ikipungua kama inchi tano ukilinganisha na Dar, hewa ya huko juu nyepesi. Geji ikisoma vizuri na pedali bado ngumu, hapo sasa ndo umshuku busta, lakini puliza kwanza ile vali ya njia moja ya mpira wa busta, ikipitisha pande zote tupa.

Yangu hata baada ya kufunga altaneta yenye pampu iligoma, kumbe mtu alikuwa ameweka mpira wa maji, ukipata moto unajibana, asubuhi breki tamu, mchana kwenye foleni unasimama kwa miguu miwili. Weka mpira mgumu wa vakyumu wenyewe.

Watakuja wa kukwambia weka tanki la akiba ya vakyumu. Tanki halizalishi vakyumu, linatunza tu. Wale wa petroli waliofunga kemshafti kali (ya kuongeza nguvu), injini ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, geji inasoma inchi 8 au 10, linawasaidia kidogo, ila ukikanyaga mfululizo linaisha, kwao naona bora pampu ya umeme.

Na ule mpira wa kurudisha oili usikubali fundi aupunguze unene au aukunje, oili ikikosa pa kushukia inajaa kwenye altaneta, unaanza kununua brashi kila mara.