Kwa Anayeanza Kusoma Sheria ya Kiislamu Chini ya Ukoloni

Wengi wanaoanza utafiti huu hutafuta mahali ambapo dini iligongana na serikali. Ningekushauri uanze kwa kuuliza ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema sheria ya Kiislamu ni ipi. Mwaka 1772, huko Bengal nchini India, gavana Mwingereza Warren Hastings aliagiza Waislamu wahukumiwe kwa sheria za Kurani katika ndoa na mirathi, agizo ambalo kwa juujuu linaonekana kuwa la heshima. Mahakimu Waingereza walitegemea maulamaa waliokaa nao mahakamani, lakini mwaka 1864 nafasi za maulamaa hao zilifutwa, na hakimu akabaki na vitabu vilivyotafsiriwa. Al-Hidaya, kitabu kikubwa cha fikihi ya Kihanafi (madhehebu ya Waislamu wengi wa India), kilikuwa kimetolewa kwa Kiingereza mwaka 1791 kutokana na tafsiri ya Kiajemi, kikasomwa kama vifungu vya sheria, bila mwanachuoni wa kupima kauli zake na hali ya muulizaji.

Chagua suala moja ulifuate hadi mwisho. Mimi napendekeza wakfu wa familia, yaani mali ambayo mwenyewe huifunga ili mapato yake yawafae watoto na wajukuu, na ukoo ukikatika yawaendee maskini. Kwa wanafikihi, kumtunza jamaa ni sadaka. Mwaka 1894 mahakama ya juu ya rufaa ya dola ya Uingereza, iliyokaa London, ilibatilisha wakfu wa namna hiyo kutoka Bengal kwa hoja kwamba fungu la maskini lilikuwa la mbali mno, ingawa Jaji Ameer Ali alikwisha kuutetea huko Calcutta. Waislamu wa India walilalamika mpaka ikapatikana sheria ya mwaka 1913 iliyohalalisha wakfu wa namna hiyo, na iliyosimamiwa katika baraza la kutunga sheria la India na Muhammad Ali Jinnah, baadaye mwanzilishi wa Pakistan. Hata hivyo, katika kesi ya Kenya iliyochapishwa mwaka 1952, mahakama ileile ya London iliutumia msimamo wa 1894 dhidi ya wakfu wa Waislamu wa pwani, ambao ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu tofauti na ya Kihanafi. Soma hukumu hizo mbili bega kwa bega, kwa sababu zinaonyesha, kuliko nadharia yoyote ninayoijua, jinsi dola ilivyotengeneza sheria moja ya Waislamu wote.

Algeria itakufunza upande mwingine: kwa tamko la mwaka 1865, Mwislamu aliyetaka uraia kamili wa Ufaransa alilazimika kwanza kuiacha sheria yake ya ndoa na mirathi.

Ukifika kwenye mahakama za kadhi za Kenya, usizieleze kama suala la imani pekee. Ukanda wa pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ukatawaliwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895, na Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana kwa barua kwamba mamlaka ya kadhi yangehifadhiwa. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayohusu mahakama za kadhi, haieleweki vizuri bila barua hizo.

Mwisho, usiishie kwenye katiba na hukumu za rufaa. Omba ruhusa ya kusoma majalada ya kadhi mwenyewe. Watafiti waliofanya hivyo pwani ya Kenya wamekuta kwamba wadai wengi ni wanawake wanaodai matunzo au talaka, na kwamba mara nyingi hushinda.