Mama amejifungia ndani: ni uzee tu?

Dada, unasema mama yako, miaka 71, ameacha kutembelea majirani, usiku halali na siku hizi anasahausahau, na ndugu wanakwambia ni uzee tu. Usikubali haraka hivyo. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, si sehemu ya kuzeeka, na kwa wazee mara nyingi hujificha kwenye maumivu ya mwili, hasira au usahaulifu. Kama hali imezidi wiki 2, mpeleke kwa daktari. Beba dawa zake zote, maana baadhi zinaweza kuleta huzuni, na uliza kuhusu kipimo cha thairoidi (tezi ya shingoni) na vitamini B12, maana hitilafu hapo nayo huleta dalili kama hizi. Masikio nayo! Asiyesikia vizuri huchoka kuuliza "umesemaje?" kila mara, mwishowe anajitenga. Nyumbani mwachie kazi ya maana, msimkalishe kama mgeni. Akitamka kwamba heri afe, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.