Eti nilijua tangu mwanzo

Kwa miaka mingi nimewasimulia watu kwamba siku niliyonunua ile ploti ya Nakuru, roho yangu ilisita. Huwa naisimulia vizuri, hata mama watoto hutikisa kichwa kukubali. Mwezi uliopita, nikitafuta cheti cha mtoto sandukuni, nikakuta daftari langu la 2009. Kurasa mbili nzima zinahusu ile ploti. Niliogopa hati bandia. Niliogopa broka asije akauza kipande kimoja kwa watu wawili. Niliogopa nauli. Maji? Sikuandika hata neno moja. Huko kusita kwa roho nilikutunga baadaye, maji yalipokwisha kufika mlangoni.

2009 ulikuwa mwaka wa ukame. Ziwa Nakuru lilikuwa limenywea, upepo ukitupeperushia vumbi jeupe la magadi hadi kwenye nguo tulizoanika. Angetokea mtu aniambie maji yatakuja, ningemwuliza yatoke wapi. Basi ziwa likaanza kupanda, mwaka baada ya mwaka. Heroe wengi wakahamia Bogoria, lango kuu la mbuga likamezwa, na kufikia 2020 nyumba yangu ilikuwa mabati tu juu ya maji.

Ushauri wangu kwa anayejilaumu ni huu: usijihukumu kwa macho ya leo. Chukua karatasi, tenga yale ambayo hakuna aliyeyajua siku ile na yale ambayo ungeyajua kama ungeuliza. Mimi, kwamba ziwa lingepanda kiasi kile nisingejua. Hilo nimejisamehe.

La pili ndilo linaloniuma. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaingia ziwani, na hakuna mto unaotoka. Maji huondoka hasa kwa kukaushwa na jua. Tulifundishwa hayo shuleni! Tena jirani yangu alikuwa mzee aliyeona mvua kubwa za 1961, na kila jioni tulisalimiana kwenye ua. Sikumwuliza chochote. Nilimwuliza broka, mtu aliyekuwa na miaka mitatu tu Nakuru, na aliyekuwa akingoja kamisheni yake.

Na kabla hujaamua jambo kubwa, andika: tarehe, unachoogopa, uliyemwuliza. Usiitegemee kumbukumbu, maana hiyo hujipaka rangi usiku umelala.

Juzi mdogo wangu alinipigia, ameona ploti Ahero, bei nzuri. Sikumkataza. Nilimwambia aandike sababu zake, kisha atafute bibi aliyezeekea pale amwulize ni mwaka gani mafuriko ya mto Nyando yaliwahi kumhamisha na mbuzi wake. Akaenda. Bibi alicheka sana, akamwambia, "Mjukuu wangu, niulize mwaka ambao sikuhama."

Bado hajanunua. Bado anapiga hesabu ya bei.