Loreley huioni ukiwa Köln

Ndugu, umeuliza kama boti ya matembezi ya Köln, Ujerumani, ile inayochukua muda wa saa moja kwenye mto Rhine, itakufikisha kwenye mwamba wa Loreley na zile ngome za mlimani. Hapana, haifiki. Inazunguka mbele ya mji tu: kanisa kuu, daraja la Hohenzollern lililojaa makufuli ya wapendanao, unarudi. Ngome unazozitaka ziko kati ya Koblenz na Bingen, bonde la kilomita kama 65 ambalo UNESCO ililiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2002.

Niliishi Bonn, na nilichojifunza ni hiki: treni ipitilize Koblenz mpaka Bingen, boti uipande huko ushuke na mkondo. Ukianzia Koblenz boti inapambana na mkondo wa Rhine na safari inarefuka mno, mpaka watoto wanalala kabla ya Loreley. Angalia vibao vyenye namba ukingoni. Ni kilomita za mto kuanzia daraja la mji wa Konstanz. Kwenye 546 utaona kijingome cheupe katikati ya maji, Pfalzgrafenstein, walipokuwa wakitoza ushuru wa vyombo. Loreley inafuata kwenye 554, mto unapobana na kupinda. Mwamba wenyewe ni mwamba tu, usitegemee makubwa. Hilo pindo ndilo tamu.

Ila boti nyingi ni za Aprili hadi Oktoba, na maji yakipungua sana, kama 2018, huwa zinaruka baadhi ya vituo. Ulizia kabla ya kukata tiketi.