Uliza Tujibu: Vikundi vya vitabu maktabani

Wapendwa wasomaji, toleo lililopita tuligusia kidogo tu habari ya watu wanaokutana maktabani Jumamosi kujadili vitabu, na programu ya watoto, basi meseji zikamiminika. Tumechukua chache, nyingi zilikuwa zinafanana. Majina tumeyaacha kama mlivyoomba.

Habari za kazi. Mimi na wenzangu tulianzisha kikundi cha kusoma kwenye maktaba ya mkoa wetu. Siku ya kwanza watu walijaa mpaka tukaazima viti chumba cha pili, sasa hivi tumebaki wanne na kati ya hao wanne anayekuja amesoma kitabu ni mmoja. Mkutubi mwenyewe anatuonea huruma. Ni kweli Watanzania hawasomi, au sisi ndo tunakosea? (Msomaji, Dodoma)

Nzuri ndugu yangu, pole sana. Hiyo ya Watanzania hawasomi naomba tuiache kwanza. Ingia maktaba ya mkoa yoyote saa nne asubuhi kipindi cha mitihani uone kama utapata kiti, wanafunzi wa fomu foo wamejaza meza, kila mmoja na madaftari yake na chupa ya maji, wanapiga msuli. Watu wanasoma, ila wanasomea mtihani, vitabu vya kwenye rafu wala hawavigusi. Maktaba nyingi zimegeuka chumba cha kujisomea na wala siwalaumu, nyumbani hakuna meza na umeme una mambo yake.

Tatizo lenu nahisi ni nakala. Mlikuwa na nakala ngapi? Maktaba ikiwa nazo mbili na nyie mko ishirini, wa kwanza ataazima akae nacho wiki mbili, wa pili hivyohivyo, wa tatu anaambiwa subiri, na siku ya kikao ikifika anaona aibu kuja kukaa kimya wenzake wanaongea, basi haji, na akishakosa mara moja kurudi ni ngumu. Kwenye grupu la WhatsApp ataandika "nimepata dharura". Hana dharura yoyote, anaona haya tu.

Mimi ningewashauri muache kabisa habari ya kwenda kusoma kitabu kizima nyumbani, angalau kwa miezi ya mwanzo. Someni hapohapo. Chagueni hadithi fupi moja au sura moja, mtu mwenye sauti nzuri asome kwa sauti, wengine wasikilize, nusu saa hivi inatosha, halafu ndo mjadili. Aliyechelewa daladala, asiye na hela ya kitabu, aliyesahau miwani, wote mnaanza sawa. Atakayenogewa ataazima kitabu akamalizie mwenyewe, na hapo nakala mbili zinatosha kabisa. Ila msitoe fotokopi ya kitabu kizima mkagawana, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na waandishi wetu wenyewe hawana hela.

Halafu kuna jambo lingine linaloua vikundi hivi na hakuna anayelisema: fani na maudhui. Wote tumepita shule, tukishika riwaya tu mtu anauliza dhamira kuu ni nini, mwingine taja migogoro, hapo hapo kila mtu anarudi darasani na usingizi unaanza. Ulizeni swali ambalo hata shangazi yako angelijibu bila kwenda shule. Chukueni Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya fasihi 2021, mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akaitoa kwa Kiswahili. Mwanzoni kuna mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka kumi na mbili, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe ni kwa sababu ya deni la baba yake. Sasa wewe uliza, yule baba ungemwelewa? Na mama naye alikaa kimya kwa nini? Utaona mtu aliyekuwa anaangalia simu anainua kichwa, mwingine anaanza "kuna jamaa mmoja kijijini kwetu..." na hapo mjadala umeshawaka. Dhamira itakuja yenyewe bila kuitwa.

Shikamoo. Kwenye kikundi chetu kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anajua sana lakini akianza kuongea hamalizi. Akishatoa maoni yake vijana wote wanasema "nakubaliana na mwalimu" na kikao kimeisha. Hatutaki kumkosea adabu. Tufanyeje? (Binti, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Hili limenichekesha, nadhani kila kikundi kina mwalimu wake mstaafu, asipokuwepo ni mchungaji au mwanasheria.

Msimkatishe na msimwekee saa, mtamuumiza bure, na pengine ndo mtu pekee pale aliyesoma vitabu vingi kuwazidi wote. Badilisheni zamu yake. Mwambieni kwa heshima, tena faragha, kwamba mwalimu sisi tunaomba wewe ndo uwe unatufungia kikao, vijana waseme kwanza halafu utuwekee sawa. Hakuna mzee atakayekataa heshima hiyo, kwenye vikao vya ukoo si ndo ilivyo, mkubwa anasikiliza wote ndo anahitimisha. Mkianza na mdogo kuliko wote mkapanda juu, yule dada wa chuo atasema lake kabla hajajua mwalimu anafikiri nini. Mkianza na mwalimu, hata mimi nisingempinga.

Kazi ya pili mpeni kusoma kwa sauti. Walimu wa zamani wanajua kusoma, acha kabisa, mpaka anaiga sauti za wahusika. Akitoka hapo kashaongea nusu saa nzima na koo limechoka.

Atakayebaki kuwa shida ni kijana anayependa kumpinga mwalimu kwa kila kitu. Huyo mketisheni mbali naye tu.

Mimi niliishia darasa la saba, nauza mboga sokoni. Napenda sana hadithi ila naogopa kwenda maktaba, naona ni sehemu ya wasomi. Wataniuliza vyeti? Lazima niwe na kadi? (Mama wawili, Tabata)

Hakuna atakayekuuliza cheti dada yangu. Maktaba za umma tulianzishiwa kwa sheria ya 1963 na Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi aliifungua Mwalimu Nyerere mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na wala haikuwa kwa ajili ya wenye digrii. Nikisoma habari za zamani zile ndo naona tumefika pabaya kiasi gani, mtu mzima anaogopa mlango wa maktaba ya kodi yake mwenyewe.

Kadi ni ya kuazima kitabu ukaondoka nacho, pale mapokezi watakwambia ada na wanataka picha ngapi. Kuhusu vikao vya kujadili ulizia mapokezi hapohapo, wanaoandaa huwa wanafurahi kuona sura mpya. Nenda na nguo zako za kawaida. Na kama kikao ni kile cha kusomewa kwa sauti nilichosema juu, wewe uliyekulia kwenye hadithi za bibi utawazidi wengi, maana kusikiliza hadithi nako ni kazi, wasomi wengi hawawezi kukaa dakika kumi bila kushika simu.

Nilipeleka wanangu maktabani Jumamosi, wa miaka minne na sita, tukanyamazishwa mpaka tukaondoka. Hiyo programu ya watoto mnayoisema iko wapi? (Baba, Mwanza)

Pole kaka, inaudhi. Maktaba nyingi zina sehemu ya watoto, wakati mwingine ni kona tu yenye viti vifupi, na ikiwa kona hiyo iko ukumbi mmoja na wanaojiandaa na mtihani basi lazima mgombane. Mtafute mkutubi siku ya katikati ya wiki, Jumamosi amezidiwa, muulize ni saa ngapi ukumbi unakuwa mtupu. Kuna wazazi ambao huwa wanatandika mkeka barazani, wanasoma kitabu kimoja cha picha wakiwa wamekigeuza kuwaelekea watoto, msomaji anachungulia maneno kwa juu. Watoto wa miaka minne hawahitaji zaidi ya robo saa. Kitabu kilekile wiki mbili mfululizo hawachoki, atakayechoka ni wewe.

Niko Nairobi, natafuta kikundi cha kusoma karibu na Eastlands. Na je, tukitaka kuanzisha chetu tunamwandikia nani? (Msomaji, Umoja)

Jirani, wewe una bahati. Jaribu maktaba za Kaloleni na Makadara, zote zilikarabatiwa na Book Bunk, wale kina dada wawili walioanza 2017 kufanya kazi na jiji kuzifufua. Ndugu yao mkubwa ni McMillan pale mjini, jengo la 1931 lenye simba wa mawe mlangoni, na mpaka 1958 Mwafrika alikuwa haruhusiwi kuingia kusoma, kwa hiyo ukikaa pale na kikundi chako mzee wako yeyote aliyepita nje miaka hiyo angeshangaa. Barua andika kwa msimamizi wa tawi. Baada ya katiba ya 2010 maktaba za mitaani ni mambo ya kaunti, usiende kuzunguka wizarani.

Huku Bara nanyi mnaouliza, maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, mkutubi wa mkoa naye ana mabosi wake. Ndo maana anataka barua, inamlinda yeye. Andika mko wangapi, siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, mtakaa wapi ili msisumbue wengine, nani atafunga mlango. Ukurasa mmoja tu. Ikija na mhuri wa serikali ya mtaa inaenda haraka zaidi, usiniulize kwa nini.

Chai inaruhusiwa? (Msomaji, Tanga)

Ndani kwenye vitabu hapana, makombo yanaleta panya na mende na panya wanakula vitabu kweli. Nyweeni barazani baada ya kikao, maongezi mazuri mara nyingi yanatokea hapo kwenye kikombe. Na maandazi mmbakizie mlinzi, ndo anayewafungulia geti Jumamosi.